Dirisha Tulilolisahau: Kifua Kikuu, Hewa na Hospitali Zetu

Watu wa Morogoro wanapenda kuuita mji wao "mji kasoro bahari". Maana yake, vizuri vyote vipo, ila bahari tu ndiyo haipo. Kuhusu maji, kila mtu anajua deni tulilo nalo kwa milima ya Uluguru: Mto Ruvu unaanzia huko, na bila Ruvu Dar es Salaam ingekufa kiu. Kuhusu hewa, hakuna anayezungumza. Mchana jua likishapasha joto miteremko, hewa hupanda kuelekea vileleni. Usiku hewa ya ubaridi huteremka na kuingia mjini. Kila siku, mwaka mzima, bila umeme na bila ankara.

Sasa nenda kituo cha afya asubuhi ya Jumatatu. Sisemi cha Morogoro peke yake, maana kazi ya uandishi imenifikisha kwenye vituo vya mikoa kadhaa na picha ni ileile. Mabenchi yamejaa. Mama ana mtoto mwenye homa, mzee amekuja kupima presha, kijana mmoja anakohoa kwenye kiganja cha mkono. Dari ya jipsamu iko chini, nyeupe na nzuri. Madirisha ni ya aluminiamu, yale ya kusukuma pembeni, na mengi yamefungwa. Feni inazunguka. Ukiuliza hewa ya humu inatoka wapi na inakwenda wapi, utaonekana mtu wa ajabu.

Nataka kuieleza historia ya swali hilo, kwa sababu zamani halikuwa swali la ajabu. Kulikuwa na wakati ambapo daktari na fundi wa majengo walikaa meza moja na kubishana kuhusu urefu wa dirisha. Halafu zikaja dawa, dawa nzuri kweli, nyingine zikajaribiwa kwa wagonjwa wetu wenyewe hapa Afrika Mashariki, na dirisha likasahaulika. Gharama ya kusahau huko haimwangukii aliyechora ramani. Inamwangukia nesi, na yule aliyekuja hospitali kwa malaria akaondoka na kifua kikuu bila kujua.

Tuanze na imani iliyokuwa na kosa lakini ikajenga nyumba nzuri. Karne ya 19, madaktari wengi wa Ulaya waliamini magonjwa yanaletwa na hewa chafu, harufu ya uozo inayotoka kwenye madimbwi, vyoo na miili ya wagonjwa. Neno malaria tunalolitumia mpaka leo limetokana na Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya tu. Florence Nightingale, nesi Mwingereza aliyehudumia askari katika vita vya Crimea, alikuwa muumini wa nadharia hiyo. Mwaka 1859 alichapa kitabu kuhusu ujenzi wa hospitali. Alitaka wodi ziwe ndefu na nyembamba, dari iwe juu, madirisha marefu yatazamane pande mbili, na kila wodi isimame peke yake ili upepo uzunguke. Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa 1871, ilijengwa kwa mtindo huo, na mtindo ukasafiri na dola za kikoloni mpaka pwani yetu.

Nadharia yake kuhusu malaria ilikuwa kosa, kwani malaria huletwa na mbu. Lakini madirisha yake yalikuwa sahihi kwa ugonjwa mwingine, kifua kikuu, na ilichukua karibu miaka mia moja kabla sayansi haijathibitisha sababu.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba ameona kimelea kinachosababisha kifua kikuu. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe hiyo tunaadhimisha Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Kinachosahaulika ni kwamba Koch huyohuyo alikuja Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Mwaka 1905 alisafiri kwenye njia ya misafara itokayo Dar es Salaam kupita Morogoro kuelekea Iringa. Reli ilikuwa haijafika. Treni ya kwanza ingefika Morogoro mwaka 1907. Safari ile hakuwa akitafuta kifua kikuu. Alikuwa akichunguza homa ya papasi, na papasi aliwapata ndani ya mabanda ya kupumzikia wasafiri, wamejificha kwenye udongo mkavu wa sakafu, chini ya paa, mahali mvua isipofika. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: msilale kwenye mabanda ya zamani, pigeni kambi mbali nayo.

Ukiufikiria ushauri huo utaona una uzito mkubwa kuliko papasi. Koch alikuwa anasema kwamba nyumba yenyewe inaweza kuwa ugonjwa. Msafiri mwenye afya anaingia kwenye banda, analala usiku mmoja, anaondoka na homa kwa sababu ya mtu aliyelala pale kabla yake. Badilisha banda kwa chumba cha kusubiri, papasi kwa pumzi, na utakuwa umeieleza TB ya hospitalini.

Wakoloni walijua kujenga kwa ajili ya hewa, lakini hawakuigawa sawa. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyokamilika 1897, ilijengwa ufukweni, ikiitazama Bahari ya Hindi, yenye baraza pana na matao, ili upepo wa bahari uingie wodini. Ilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine ndani ya mji, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake limebaki katika jengo mojawapo la Muhimbili mpaka leo. Ocean Road sasa ni taasisi ya saratani na baraza zake bado zipo. Ukisimama pale alasiri utaelewa bila kuelezwa kwamba upepo nao ulikuwa na daraja la kwanza na daraja la tatu.

Milimani ilikuwa hivyohivyo. Nyumba ya Morningside, juu ya mji wa Morogoro kwenye njia ya kupanda kilele cha Bondwa, ni ya wakati wa Wajerumani. Wazungu walipanda kwenye ubaridi wa milima ya Uluguru na Usambara kupumzisha miili yao iliyochoshwa na joto la pwani na homa. Waluguru waliokuwa wakiishi kwenye miteremko hiyo tangu zamani waliwabebea mizigo. Hewa nzuri ikawa kitu cha kwendea likizo.

Mwaka 1926 hewa ya mlimani ilianza kutumika kwa wagonjwa wa kifua kikuu wa nchi hii. Hapo ndipo hospitali ya Kibong'oto ilipoanza, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Siha. Wazo lilitoka Ulaya. Tangu miaka ya 1850 daktari Hermann Brehmer alikuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua huko Görbersdorf kwa mapumziko, chakula cha kutosha na hewa safi, na baada yake vituo vya aina hiyo vilizagaa milima ya Uswisi na Marekani. Dawa haikuwepo. Mgonjwa alilazwa barazani, akapewa maziwa na nyama, akasubiri. Wengine walipona na wengine walizikwa hukohuko. Lakini kuna faida moja ambayo wakati ule haikuhesabiwa: mgonjwa aliyelala barazani hakumwambukiza nesi wake kwa urahisi kama yule aliyefungiwa chumbani. Upepo ulibeba alichokohoa.

Kisha dawa zikafika. Streptomaisini iligunduliwa 1943. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, ya bei nafuu na ya vidonge. Mwaka 1959 watafiti wa Madras, India, walichapisha matokeo yaliyotikisa hospitali za milimani duniani kote. Waliwagawa wagonjwa makundi mawili: wengine walitibiwa hospitalini kwa chakula bora na mapumziko, wengine walipewa dawa zilezile wakaishi nyumbani kwao kwenye mitaa ya maskini. Matokeo yalikaribiana. Kilichoponya kilikuwa dawa. Mlima, maziwa na baraza havikuongeza kitu kikubwa kwa yule mgonjwa mwenyewe.

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kweli, na ndiyo iliyotupoteza. Kwa mgonjwa anayemeza dawa, dirisha haliongezi sana. Kwa mtu aliyekaa pembeni yake, ambaye hana ugonjwa, dirisha ndiyo kinga. Hospitali za milimani zilipofungwa, tulitupa vitu viwili kwa pamoja: tiba isiyo na kazi tena, na kinga ambayo bado ilikuwa na kazi.

Afrika Mashariki ilikuwa katikati ya hadithi hii, wala haikuwa mtazamaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza. Majaribio hayo yalionyesha kwamba miezi sita ya dawa, rifampisini ikiwemo, inaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mgonjwa yeyote duniani anayemaliza matibabu ndani ya nusu mwaka ana deni kwa wagonjwa hao.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkubwa alikuwa Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Czechoslovakia, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen na huko akaupata ugonjwa wenyewe. Styblo pamoja na wataalamu wa Tanzania walijenga mfumo ambao nesi wa kawaida wa wilayani angeweza kuuendesha: pima makohozi kwa hadubini, toa dawa chini ya uangalizi, andika kila mgonjwa kwenye rejista, mfuatilie mpaka mwisho. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo likaueneza dunia nzima. Nchi maskini ilikuwa imewafundisha matajiri.

Rejista ya Styblo ilikuwa na safu ya makohozi, safu ya dawa, safu ya matokeo. Ukubwa wa dirisha haukuwa na safu. Sisemi hivyo kumlaumu. Alikuwa anatafuta njia ya kuokoa watu wengi kwa fedha kidogo, na aliipata. Lakini kisichoandikwa kwenye rejista hakiulizwi na mkaguzi, na kisichoulizwa na mkaguzi hakipangiwi bajeti.

Kulikuwa na sababu nyingine ya usahaulifu, nayo ilitoka ndani ya udaktari wenyewe. Vimelea vilipogunduliwa, nadharia ya hewa chafu ilidharauliwa kama ushirikina wa wazee. Mwaka 1910 mtaalamu wa afya ya jamii wa Marekani, Charles Chapin, aliandika kitabu chenye ushawishi mkubwa akisisitiza kwamba magonjwa mengi huambukizwa kwa kugusana na kwa mate ya karibu, na kwamba hewa haina nafasi kubwa. Kizazi baada ya kizazi cha madaktari kilifundishwa kunawa mikono, jambo jema kabisa, na kuona aibu kuzungumzia hewa.

Waliokataa kuona aibu walikuwa wachache. Mhandisi wa Marekani William Wells alieleza mwaka 1934 kinachotokea mtu akikohoa. Vitone vikubwa huanguka chini upesi. Vidogo hukauka kabla ya kufika sakafuni, na kinachobaki ni chembe nyepesi mno, inayoelea kwa saa nyingi kama moshi wa sigara, ikiwa imebeba kimelea. Unaweza kuingia kwenye chumba ambacho mgonjwa ameshatoka, ukaivuta.

Mwanafunzi wake, daktari Richard Riley, alitafuta ushahidi. Katika miaka ya 1950, kwenye hospitali moja ya Baltimore, walijenga wodi ya vyumba sita kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Hewa yote iliyotoka vyumbani ilivutwa kwa mabomba mpaka kwenye banda la darini lililojaa simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia. Hakuna simbilisi aliyemgusa mgonjwa wala kuona uso wake. Waliipata hewa yake tu. Wakaanza kuugua, wastani wa karibu watatu kila mwezi. Kundi jingine lilipewa hewa ileile lakini baada ya kupigwa mwanga wa urujuanimno unaoua vimelea, na hao hawakuugua. Kwa hiyo njia ilikuwa hewa.

Majaribio yale yalifunua jambo la pili ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Wagonjwa hawakuambukiza sawa. Wachache, hasa ambao hawajaanza dawa au ambao dawa haikuwafaa, ndio waliosababisha maambukizi karibu yote. Walioanza dawa sahihi waliacha kuwa hatari kwa haraka kuliko ilivyodhaniwa. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa kuogopwa si yule aliyelazwa wodi ya TB na kila mtu anamjua. Ni yule kijana wa kwenye benchi anayekohoa kwenye kiganja, ambaye bado hana jina la ugonjwa wake.

Huyo asiyejulikana ndiye anayetafutwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji, limekuwa likifundisha panya buku pale. Dunia inawafahamu kwa kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Wenzake walibaki Morogoro na kazi isiyo na picha nyingi. Wananusa makohozi. Kliniki hupeleka sampuli ambazo zimeshapimwa, panya anapita juu ya kila tundu, na akisimama na kukwaruza, sampuli hiyo inarudiwa maabara kwa uthibitisho. APOPO wenyewe wanasema panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 ndani ya dakika 20, na kwamba kliniki wanazoshirikiana nazo zimeongeza wagonjwa waliogunduliwa kwa takriban asilimia 40.

Tafakari maana yake. Wagonjwa hao wa ziada walikuwa wameshapimwa wakaambiwa hawana. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yetu, wamepanda daladala, wamerudi tena kliniki wiki iliyofuata kwa sababu kikohozi hakijaisha. Baltimore, simbilisi walituonyesha kwamba wasiotibiwa ndio wanaoambukiza. Morogoro, panya wanatuonyesha kwamba wasiotibiwa wako wengi kuliko tunavyodhani. Ukiviweka pamoja unapata hitimisho moja tu: kinga ya hospitali haiwezi kutegemea kumjua mgonjwa. Lazima chumba chenyewe kiwe salama kabla hatujamjua.

Hapa kwetu hesabu iliharibika zaidi UKIMWI ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980 nchi iliandikisha takriban wagonjwa 12,000 wa kifua kikuu kwa mwaka. Miaka ya 2000 walizidi 60,000. Kliniki zikajaza watu wenye kinga dhaifu kwenye chumba kimoja na watu wanaokohoa. Mwaka 2006 dunia ilisoma habari za Tugela Ferry, hospitali ya kijijini Afrika Kusini. Wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu sugu kwa karibu dawa zote, na 52 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamewahi kulazwa, na dalili zilionyesha kwamba baadhi waliambukizwa hospitalini. Tanzania ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, na ilianzia palepale Kibong'oto, mlimani.

Mwaka uliofuata Tugela Ferry, 2007, ulitoka utafiti ambao ningependa kila mhandisi wa halmashauri ausome. Rod Escombe na wenzake walipima hewa katika hospitali nane za Lima, Peru. Kipimo chao ni rahisi: kwa saa moja, hewa yote ya chumba inabadilishwa mara ngapi? Vyumba vya kisasa vyenye mashine vilipangiwa mara 12. Vyumba vya kawaida, madirisha na milango ikiwa wazi, vilifikia wastani wa mara 28. Na vile vya majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya 1950, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilifikia mara 40, wakati majengo mapya yasiyo na mashine yaliambulia 17. Wakakadiria: watu wasio na kinga wakikaa saa 24 na mgonjwa mkali asiyetibiwa, kwenye chumba cha mashine wangeambukizwa asilimia 39, kwenye jengo jipya asilimia 33, na kwenye jengo la zamani asilimia 11.

Jengo la bibi lilimshinda la mjukuu. Wajenzi wa zamani hawakuwa na akili kutuzidi. Walikosa dawa, kwa hiyo walilazimika kutumia upepo.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoheshimu upepo: lita 60 za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi za kawaida, na lita 160 kwenye vyumba vya magonjwa yanayosambaa kwa hewa. Namba hizo zinafikika kwa madirisha yanayotazamana. Hazifikiki kwa vitu tunavyovipenda leo. Dirisha la kusukuma la aluminiamu, hata ukilifungua mpaka mwisho, linaacha wazi nusu tu. Nusu nyingine ni kioo juu ya kioo. Dari ya jipsamu inashusha chumba na kuziba nafasi ambayo hewa ya joto ingepandia na kutokea juu. Ile AC ya ukutani inachukua hewa ya chumba, inaipoza, inairudisha ileile. Na kwa kuwa watu hawataki ubaridi upotee, wanafunga madirisha. Kwa TB hiyo ni kama kufunika sufuria. Feni inakoroga tu. Bila dirisha wazi haitoi kitu nje.

Najua majibu yatakayokuja, na si majibu ya kipuuzi. Mbu wataingia. Kweli, ndiyo maana nyavu zinahitajika, na kwa kuwa wavu hupunguza upepo, dirisha lenye wavu linapaswa kuwa kubwa zaidi, wala si dogo. Wezi wataingia. Weka nondo, hewa inapita kwenye nondo. Baridi je? Hapa Uluguru inatufundisha adabu. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya joto la Dar es Salaam haumfai mgonjwa wa Mgeta, kule juu ukungu unapokaa mpaka saa nne asubuhi. Ukimwambia mama aliyejifungua jana afungue dirisha usiku, atakuona huna huruma, na atakuwa na haki. Jengo la mlimani linahitaji matundu ya hewa juu kabisa ya ukuta, yasiyofungika, upepo upite juu ya vichwa vya watu bila kuwapiga, na blanketi za kutosha. Nightingale mwenyewe alisisitiza hayo mawili pamoja: hewa iwe safi, na mgonjwa asipigwe baridi. Nyumba zetu nyingi za zamani za mjini zilikuwa na matofali ya matundu juu ya madirisha. Mafundi wanayajua. Tumeacha kuyaagiza kwa sababu yanaonekana ya kizamani.

Mwaka 2020 tulipewa nafasi ya kukumbuka, na dunia nzima ikaanza kwa kuteleza. Tarehe 28 Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 hausambai kwa njia ya hewa. Julai, wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi kulipinga. Taratibu msimamo ukabadilika. Kwetu, alama ya janga lile ikawa ndoo yenye bomba mbele ya kila ofisi, duka na msikiti, pamoja na mjadala mkali wa kujifukiza. Ndoo zilisaidia kwa magonjwa mengine, hasa ya tumbo. Lakini mtu alinawa mikono vizuri nje, halafu akaingia kukaa saa mbili kwenye chumba kilichofungwa.

Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, na nchi nzima yakainuka madarasa na majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi. Ni majengo yaliyohitajika sana, na ningekuwa mnafiki kusema vinginevyo. Mabango ya ujenzi niliyoyasoma yalitaja mkandarasi, gharama na chanzo cha fedha. Fedha zilikuja kwa sababu ya ugonjwa wa hewa, na hewa haikuandikwa popote kwenye bango.

Tanzania bado iko kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Dawa tunazo, na zinaponya. Vipimo vimeboreka kuliko wakati wa Styblo. Kilichobaki nyuma ni chumba. Na chumba, tofauti na kipimo cha mamilioni, kinaweza kurekebishwa na fundi wa mtaani: kutoboa ukuta wa pili ili upepo upite, kuondoa kioo kilichokwama, kujenga banda la wazi lenye paa ili wanaokohoa wasubiri nje badala ya ndani.

Kila mwaka madiwani wanapitisha ramani za zahanati na vituo vya afya, kuanzia mabonde ya Kilosa mpaka Matombo, Mgeta na mjini kwenyewe. Maswali yao huwa ni vitanda vingapi na shilingi ngapi. Diwani mmoja akinyoosha mkono auongeze swali la tatu, kwamba hewa itaingilia upande gani na itatokea wapi madirisha yakifungwa usiku, mhandisi atalazimika kurudi na jibu. Mlima upo, upepo unateremka kila usiku. Bado nesi wa zamu ya asubuhi ana kazi ya kuanza kwa kusukuma dirisha ambalo mwisho wake ni nusu.